Pikipiki ya Mzee Haianzi kwa Rangi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kila Novemba simu hupigwa kutoka Dar es Salaam kwenda Kibosho, Uru, Marangu na Rombo. Anayepiga ni mtoto wa nyumbani aliye mbali, na agizo lake ni lile lile: ile pikipiki ya mzee iliyoko stoo itolewe, ipigwe rangi, aikute inang'aa atakapokuja kwa Krismasi. Kijana aliyebaki nyumbani anatumiwa pesa ya rangi. Pesa ya breki hatumiwi. Wiki tatu baadaye pikipiki inang'aa kweli, na mkesha wa sikukuu inateremshwa barabarani na watu wawili au watatu juu yake, breki shuu zikiwa zile zile zilizokuwemo siku ilipowekwa stoo.

Nilifanya hivyo na Honda CG125 ya baba yangu, aliyokuwa akizungukia mashamba ya kahawa alipokuwa bwana shamba. Niliipaka rangi nyekundu, nikaisugua hadi nikajiona usoni mwa tangi. Mwezi haujaisha, kebo ya breki ya mbele ilikatika mteremkoni nikaingia migombani na kuvunjika mtulinga. Nilipopona niliifungua yote, kuanzia nati ya kwanza, nikaanza upya. Ninayoyaandika hapa ni amri, si mapendekezo. Anayetaka kuifufua pikipiki ya zamani nyumbani kwake ayafuate kwa mpangilio huu, na asiruke.

Karatasi kabla ya spana

Usifungue hata nati moja kabla hujajua pikipiki ni ya nani kisheria. Huku mlimani pikipiki nyingi za zamani ni za marehemu. Kadi bado ina jina la mzee, mzee amezikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na kila mtoto anaamini ndiye aliyeahidiwa. Kaeni kikao cha ukoo, pendekezeni msimamizi wa mirathi, mahakama imthibitishe, kisha yeye ndiye ashughulikie uhamisho wa umiliki Mamlaka ya Mapato (TRA). Ukitumia miezi sita na akiba yako yote kwenye mali ambayo si yako, siku inapong'aa ndipo ndugu watakapokumbuka kuwa ni ya urithi.

Soma namba ya chesisi na namba ya injini, uzilinganishe na kadi kabla ya kazi yoyote. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale stelingi inapopita; ya injini iko kwenye kizimba cha injini chini. Safisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka isomeke. Usiipige msasa. Usiijaze pati. Usiruhusu fundi aisawazishe ili fremu ionekane laini. Namba iliyofutika inakugeuza mtuhumiwa wa wizi mbele ya askari yeyote wa usalama barabarani, na huna cha kujitetea, kwa sababu ushahidi umeufuta kwa mkono wako.

Kadi hiyo hiyo imeandikwa rangi ya chombo. Ukitoka nyekundu kwenda bluu, peleka taarifa TRA kadi irekebishwe. Ushauri wangu ni kurudisha rangi aliyokuwa nayo mzee. Sampuli yake utaipata chini ya siti au nyuma ya nembo ya tangi, ambako jua halikufika miaka yote hiyo. Ukiipeleka sehemu hiyo dukani, mchanganyaji rangi ataisoma kwa macho akutengenezee inayofanana nayo.

Msimu

Usianze Novemba kwa ajili ya Desemba. Huo ni msimu wa vuli, na rangi inayopuliziwa kwenye hewa yenye unyevu hupata weupe kama ukungu ulionaswa ndani ya kioo. Tina ikikauka haraka hupoza uso wa chuma, maji ya hewani yanagandia hapo, na rangi inafunga juu yake. Hakuna kusugua kutakakouondoa weupe ulioingia ndani. Masika, Machi hadi Mei, sahau kabisa kupulizia; tumia miezi hiyo kwa injini na nyaya.

Anayeishi juu, Machame au Old Moshi, ajue pia kwamba kati ya Juni na Agosti wingu hushuka asubuhi mpaka kwenye migomba. Asubiri jua litoke na chuma kipate joto la mkono. Kipindi chetu kizuri ni Januari na Februari, kukavu na kuna joto. Lakini Moshi mjini, upande wa Pasua na Njoro, adui wa miezi hiyo ni upepo wa mchana unaobeba vumbi. Pulizia kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, sakafu ikiwa imemwagiwa maji ili vumbi lisinyanyuke.

Kufungua

Piga picha kabla ya kufungua, na piga tena kila unapotoa kifaa. Picha za simu hazigharimu kitu. Piga waya unapopita, kebo inapokaa, upande wa washa unaotazama nje. Ukisema utakumbuka, jiulize ulikula nini Jumanne ya mwezi uliopita.

Weka nati na bolti za kila sehemu kwenye kopo lake, na uandike juu yake. Makopo ya Blue Band yanatosha. Usichanganye bolti za kava la injini: zinatofautiana urefu, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inapasua kava la aluminiamu.

Usitumie bisibisi ya kawaida ya msalaba kwenye skrubu za Kijapani. Hili mafundi wengi wa mtaani hawalijui, na ndiyo sababu karibu kila Honda, Yamaha na Suzuki ya zamani utakayoikuta ina skrubu zilizolika vichwa. Wajapani walitumia muundo wao wa msalaba, uitwao JIS, ambao tundu lake linakaribiana na la kawaida lakini si lile lile. Bisibisi ya kawaida huingia, hucheza, halafu huruka nje ikiwa imekula chuma. Tafuta bisibisi yenye alama ya JIS, au ile inayopigwa nyundo huku ikizunguka, iliyofungwa kichwa hicho. Kabla ya hapo lowesha skrubu kwa mafuta ya kulegeza kutu, usiku kucha ikibidi. Bolti iliyokataa leo inaweza kukubali kesho. Iliyokatika leo itahitaji mashine ya kutoboa.

Injini iliyolala

Usiipige kiki injini iliyokaa miaka mingi, wala usiisukume ikiwa na gia. Ringi za pistoni huenda zimeshika kutu kwenye silinda, na kulazimisha kunazivunja. Toa plagi, mimina kijiko cha oili safi ndani ya silinda, acha siku mbili, kisha zungusha kwa mkono taratibu. Ikizunguka kirahisi, endelea. Isipozunguka, ongeza oili, subiri tena. Isipotikisika kabisa, fungua silinda, usitafute nyundo.

Mwaga oili ya zamani yote kabla ya kuwasha. CG125 inabeba kama lita moja tu, kwa hiyo huna sababu ya kuonea bei uchungu. Fungua kabureta, kwa kuwa petroli iliyokaa hugeuka gundi ya kahawia inayoziba matundu madogo. Yasafishe kwa hewa na dawa ya kabureta. Usiyatoboe kwa waya wala sindano, maana tundu likipanuka kidogo tu injini itakula mafuta kupita kiasi na hakuna marekebisho yatakayoiponya.

CG125 yenyewe ilitoka mwaka 1976. Wahandisi wa Honda waliacha kwa makusudi cheni ya ndani ya kuzungusha kamshafti ya juu, wakarudi kwenye fito za kusukuma valvu, kwa sababu waliona watu wa nchi kama zetu wanazibebesha pikipiki mizigo mizito na hawafanyi matengenezo kwa wakati. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, na ndiyo maana spea nyingi za pikipiki za Kichina zinaingia kwenye CG ya mzee. Hilo ni jema, ila kagua kabla ya kulipa. CG za mwanzo zilikuwa za volti 6. Ukiweka balbu, betri au koili ya volti 12 bila kubadilisha mfumo wa kuchaji, utazunguka mafundi mwaka mzima ukitafuta ugonjwa ulioununua mwenyewe dukani.

Wenye pikipiki za tu-stroki, kama Suzuki A100, wana sharti la ziada. Injini hizo hupata oili kadiri akseli inavyofunguliwa. Kwenye mteremko mrefu, ukifunga akseli huku gia ikishika, injini inazunguka kwa kasi ikiwa karibu kavu. Kutoka Marangu Mtoni kushuka Himo fungua akseli kidogo kila mara, ipate kulamba oili.

Fremu, magurudumu, breki

Hapa ndipo pesa yako ya kwanza iende, si kwenye rangi.

Osha fremu ikiwa tupu, kisha ikague kwa tochi na kitambaa cheupe. Pitisha kitambaa kwenye kila kiungo. Ufa utanasa nyuzi. Tazama hasa shingo ya stelingi, kitako cha shokapu za nyuma na mabomba yanayobeba keria. Pikipiki zetu zimebeba mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa na madumu ya mbege kwenye njia za mawe kwa miaka, na fremu inaweka kumbukumbu ya kila safari. Ukikuta ufa, usiupake pati. Ninarudia: usiupake pati. Mpelekee fundi wa kuchomelea anayejua chuma chembamba, na betri na nyaya zikiwa zimeshatolewa kwenye fremu.

Badilisha kebo zote, tairi zote mbili, tyubu zote mbili na breki shuu zote. Usijadiliane na nafsi yako kwamba bado zina uhai. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne za mwisho ndani ya kiduara kirefu: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi ya miaka kumi na zaidi inaweza kuwa na kashata nzuri kabisa huku mpira wake umeshakuwa mgumu kama kwato, na kwenye lami yenye maji inateleza. Tairi zenye tarakimu tatu tu zilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Hizo zitoe bila kuuliza.

Usipulize vumbi la breki kwa kompresa wala kwa mdomo. Breki shuu za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Huleta maradhi baada ya miaka mingi. Lowesha ngoma kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, funga kitambaa kwenye mfuko wa plastiki na ukitupe. Watoto wasiwepo.

Beringi za magurudumu na za stelingi, bushi za mkono wa nyuma, sili za foku, cheni na sproketi: zikague, zilizolegea zibadilishe, paka grisi, songa mbele.

Sasa panda. Ndiyo, kabla ya rangi. Ifunge pikipiki yote ikiwa na kutu zake na mabaka yake, iwashe, iendeshe kwenye njia ya ndani, ifunge breki mara hamsini. Kila kasoro unayoigundua sasa unairekebisha bila kuogopa kukwaruza. Aliyepaka kwanza akarekebisha baadaye amepaka mara mbili. Ikikubali, ifungue tena yote, na hapo tu ndipo unaruhusiwa kwenda duka la rangi.

Tangi

Usichomelee tangi la mafuta nyumbani. Usilipashe moto. Usilisogeze karibu na jiko. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke hubaki kwenye kutu na mikunjo hata baada ya miezi. Kulianika juani siku moja hakulifanyi kuwa salama. Fundi mwenye kujua huliosha kwa sabuni na maji ya moto mara kadhaa, hulijaza maji karibu yote na kuacha wazi sehemu ndogo tu anayochomelea. Kama fundi wako hafanyi hivyo, ondoka na tangi lako.

Kutu ya ndani unaiondoa hivi. Toa koki ya mafuta, ziba tundu. Tia siki nyeupe mpaka ijae, acha siku nzima, au mbili kama kutu ni nene. Weka kokoto safi au kipande cha cheni, tikisa kwa subira, mimina. Suuza kwa maji yaliyoyeyushwa magadi ili kuua ukali wa siki, kisha maji safi, kisha kausha haraka kwa jua na hewa. Mara likikauka, tia mafuta yenye oili kidogo na ulizungushe yalambe kila upande. Chuma kilichotoka kwenye siki huanza kutu upya ndani ya saa chache, na aliyekiacha hadi kesho amejiongezea kazi.

Usitumie maji ya betri. Najua wapo wanaofanya hivyo, na najua yanafanya kazi haraka. Yanakula chuma kizima pamoja na kutu, yanaunguza ngozi na kupofusha, na yakimwagika kihambani hakuna mgomba utakaokushukuru.

Rangi

Sasa umefika. Mlango huu nao una sheria zake.

Osha kwa sabuni na uondoe mafuta kabla ya msasa, si baada yake. Ukisugua uso wenye grisi au nta ya kung'arisha, unaipeleka grisi ndani ya mikwaruzo, na rangi itajitenga hapo vitundu vitundu kama macho ya samaki. Usiguse tena kwa mkono mtupu baada ya kusafisha. Jasho la vidole linatosha kuharibu.

Usisugue rangi ya zamani ikiwa kavu. Rangi nyingi za miaka ile zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu ya ubongo wa mtoto. Tumia msasa wa maji, lowesha muda wote, kusanya tope lake kwenye gazeti. Fanya kazi hiyo mbali na jiko, mbali na wanaocheza.

Kwa chuma chenye kutu anza na msasa namba 80 au 120, panda hadi 240. Chuma kikishakuwa cheupe, kipake praima ya epoksi kwa brashi siku hiyo hiyo, kwa sababu hewa yetu haikisubiri. Praima ya kawaida ya kijivu inapitisha unyevu. Aliyepaka praima akaiacha miezi miwili stoo amefunika kutu inayoendelea kutembea chini yake. Pati iwe nyembamba, isizidi milimita tatu. Bonyeo kubwa linanyooshwa kwa kugonga kwanza. Pati nene kwenye tangi linalotetemeka siku nzima hupasuka, na inapopasuka inaondoka na rangi yote. Juu ya praima pita na namba 400, kisha 600 kabla ya rangi yenyewe.

Usichanganye familia za rangi. Rangi ya mafuta inayopakwa milango, ikifunikwa na rangi ya magari yenye tina kali, hunyanyuka na kukunjamana kama ngozi ya maziwa. Jaribu kwanza: lowesha pamba kwa tina, ibonyeze kwenye rangi ya zamani dakika moja. Ikilainika, ing'oe yote. Na rangi ya mlango haina kazi kwenye tangi kabisa; tone la petroli litakalodondoka siku ya kwanza ya kujaza litailainisha. Ndivyo tangi langu jekundu lilivyoharibika.

Pulizia mikono mitatu myembamba badala ya mmoja mnene. Bunduki iwe umbali wa sentimita 15 hadi 25, itembee sambamba na chuma, ianze kabla ya ukingo na kuachia baada ya ukingo. Acha dakika kumi hadi kumi na tano kati ya mkono na mkono. Mkono wa kwanza uonekane kama hauja­funika. Hivyo ndivyo unavyotakiwa. Wanaotumia kompresa ya friji ya zamani wajue hewa yake inatoka na oili na maji. Bila chujio, vyote viwili vinaishia kwenye rangi.

Amri kubwa kuliko zote za sehemu hii: usipulizie nyumbani rangi wala kliya yoyote inayochanganywa na hadina, ile dawa ya kukaza rangi. Kliya ya hadina ndiyo inayostahimili petroli, na tangi lazima liipate. Lakini hadina hizo zina kemikali ziitwazo isosianeti. Ukungu wake ukivutwa unaweza kuleta pumu ya kudumu, na mtu akishadhurika nazo, hata kiasi kidogo sana baadaye kinaweza kumbana kifua. Barakoa ya kitambaa haizuii. Ya hospitali haizuii. Inatakiwa hewa safi inayoletwa kwa bomba kwenye barakoa iliyofunga uso, na chumba kinachotoa hewa. Hivyo maliza maandalizi na rangi ya msingi nyumbani, kisha chukua tangi na makava uyapeleke gereji yenye chumba cha kupulizia, uwalipe mafundi wake kwa mkono wa mwisho. Ukikuta gereji hiyo inampulizisha kijana asiye na kinga, tafuta nyingine. Mapafu yake si bei ya kung'aa kwa tangi lako.

Hata rangi isiyo na hadina, ivalie barakoa yenye vichujio vya mvuke, fungua pande mbili za banda, zima kila moto. Jiko la mkaa hatua kumi kutoka kwenye tina ni moto unaosubiri upepo ugeuke. Sogeza majani ya ng'ombe. Huku wanakula zizini, na kilichotua kwenye majani yao kitaingia kwenye maziwa.

Usimwage tina, oili wala maji ya kusugulia rangi kwenye mfongo. Mifongo ile ilichimbwa na babu zetu kuleta maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba, na kuna mtu chini yako anayenyweshea mbuzi, anayemwagilia mboga, na pengine anayeteka. Weka uchafu kwenye dumu lenye kifuniko, upeleke gereji inayokusanya oili chafu.

Fremu na madigadi ni rahisi zaidi, yafuate utaratibu ule ule. Injini usiipake rangi ya kawaida. Itaungua na kunuka. Kuna rangi ya kuhimili joto, ipake kiduchu, na usizibe mapezi ya silinda, maana ndiyo yanayopoza. Krome usiiguse kwa msasa. Kutu nyepesi inatoka kwa karatasi ya aluminiamu iliyolowa maji, ukisugua polepole. Krome iliyomenyeka haitengenezeki nyumbani, na dawa zake ni sumu kali. Ama tafuta spea, ama ikubali ilivyo.

Umeme baada ya rangi

Ziba kwa tepu ya karatasi kila uzi wa bolti, kila kiti cha beringi, na kila sehemu ya kushikia ethi kabla ya kupulizia. Ukisahau, kwangua rangi sehemu ya ethi mpaka chuma kionekane. Rangi mpya haipitishi umeme. Pikipiki nyingi zilizopakwa rangi hutoka na taa hafifu na cheche dhaifu, mwenyewe akanunua koili, betri na regyuleta, kumbe bolti moja imekaa juu ya rangi.

Usiunge nyaya kwa kusokota na kuzungushia tepu. Chomea kwa risasi, funika kwa mpira, fungia mbali na ekzosi. Weka fyuzi ya kiwango kilichoandikwa. Karatasi ya sigara haikuwahi kuwa fyuzi.

Barabarani

Usiipeleke mlimani siku ya kwanza. Barabara ya kwenda mashamba ya miwa ya TPC ni tambarare. Nenda huko, peke yako, mwendo mdogo. Baada ya kilomita hamsini rudi nyumbani, kaza kila bolti, kaza spoki, rekebisha cheni na breki, mwaga oili ya kwanza. Fanya hivyo mara mbili. Mteremko wa kwanza ushuke kwa gia ya pili, breki zikisaidia injini na si kinyume chake, kwa sababu breki za ngoma zikipata joto hupoteza nguvu, na zinaipoteza pale pale unapozihitaji.

Usiwauzie watu pikipiki uliyoipaka kuficha ufa. Atakayeinunua pengine atabebea mama mjamzito kumpeleka zahanati, au watoto watatu wa shule. Wafanyakazi wa wodi za majeruhi pale hospitali ya KCMC wanawapokea watu wa namna hiyo mwaka mzima, na Desemba haiwasahau.

Kata bima. Vaa kofia ngumu, na abiria wako avae yake, hata kama mnakwenda dukani tu.

Na wewe uliye Dar es Salaam, utakapopiga simu Novemba hii kuuliza habari za pikipiki ya mzee, tuma kwanza pesa ya kebo, tairi na breki shuu. Ya rangi itume Januari.